Nyundo ya baba haikuwa skrepa

Rockford, Illinois

Shikamoo mama.

Zuhura, mwanangu, msomee bibi taratibu, na pale ninapomsema baba yako, kaka yangu Hamisi, usiparuke.

Mama, sauti uliyonitumia Ijumaa nimeisikiliza mara tatu kabla ya kuingia kazini. Habari ya mguu nimeielewa, ya bati nimeielewa, na kuhusu mawese, mshukuru sana Mama Shabani kwa kukubali kunibebea. Lakini pale katikati, uliposema haraka haraka kwamba Hamisi "kapunguza vyuma vya marehemu" akawapimia watu wa skrepa pale Mwanga, niliishiwa nguvu. Hukuitaja nyundo. Nakujua, mama. Hukuitaja kwa sababu imo.

Ile nyundo haifiki hata kilo. Hamisi kapata pesa ya soda.

Vifaa vilipogawiwa baada ya arobaini, tezo alichukua Ramadhani, misumeno na keekee akachukua Hamisi, mimi nikapewa shuka na saa isiyotembea. Nyundo ikaachwa kwako, ikasemwa ni ya nyumba. Nikanyamaza, maana mtoto wa kike akidai nyundo ataonekana mtu wa ajabu. Leo sinyamazi. Nani alikuwa akitoka shule anapitiliza ufukweni Ujiji, anakaa na baba ananyoosha misumari iliyopinda juu ya jiwe? Hamisi alikuwa kwenye mpira. Baba alinifundisha kushika mwisho wa mpini, si shingoni, niuache uzito wa kichwa ufanye kazi. Msumari niliounyoosha aliuviringisha kwenye kiganja. Ukiwa sawa anautia koponi. Ukiwa bado, ananirudishia bila neno.

Sasa niwaambie jambo ambalo sijawahi kuwaambia vizuri. Nina nyundo 37. Huku mzee akifariki, watoto wake huvitoa vyombo vyake uani Jumamosi wakaviuza, na vifaa vya ufundi vinawekwa mwisho kabisa, ndani ya ndoo, vimeshika kutu. Wenzangu wanagombea makochi na vioo, mimi naenda kwenye ndoo.

Mwaka jana nilitoa moja humo, nyeusi tii, nikailipia dola 4. Nikailaza kichwa kwenye siki usiku kucha, asubuhi nikaisugua kwa brashi ya waya, herufi zikaanza kutoka moja moja: MAYDOLE. Mama, mikono ilinitetemeka. David Maydole alikuwa mhunzi wa mji wa Norwich, jimbo la New York, na miaka ya 1840 aliwaondolea maseremala kero ya kichwa cha nyundo kuchomoka na kuruka. Alilirefusha tundu la mpini likashuka kama shingo, kama lilivyo tundu la tezo la Kizungu, mti ukapata mahali pa kushikilia. Wenyewe mpaka leo wanaliita jicho la tezo. Mwambieni Ramadhani aliangalie lile la baba, ataona ninachosema. Ubavuni mwa mpini wa nyundo hiyo kuna bonde dogo, limechimbwa na dole gumba la mtu aliyeishika miaka mingi. Langu linaenea humo humo.

Na huu mji ninaokaa ndio wenye kiwanda cha nyundo cha Estwing, kilichoanza 1923. Zao kichwa na mpini ni pande moja la chuma, na mahali pa kushika, kwenye zile za zamani nilizonazo, ni vipande vya ngozi vilivyobananishwa kama chapati kwenye sahani. Ninazo tatu, zinang'aa, hazivunjiki. Lakini mti unameza mshindo, chuma kinakurudishia kiwikoni, kwa hiyo rafu za jikoni nilizipigilia kwa Maydole. Jirani yangu, mzee aliyestaafu kiwandani, alipouona ukuta wangu alivua kofia. Akanishika mkono, akasema hajaona mtu anayezitunza hivi.

Kazi ipo, ghala lile lile, zamu ya usiku. Baridi nimeizoea. Tuyaache hayo.

Katika zote 37 sina ya Brades. Zile herufi za ubavuni ambazo baba alisema ni jina la Mzungu aliyeitengeneza, BRA na nyingine zimelika, nimekuja kuzielewa huku: Brades, kiwanda cha Oldbury, karibu na Birmingham, Uingereza. Babu alitoka nayo karakana ya bandarini. Yeye ndiye aliyekuwa akisema Kigoma inawadai heshima watu wa nyundo, kwa sababu meli ya Liemba ililetwa kutoka Ujerumani ndani ya makasha, ikaungwa hapo hapo ribiti kwa ribiti mpaka ikaingia majini 1915. Kila ndoo ninayoinamia huku naitafuta hiyo ya Brades, halafu yenyewe ilikuwa uvunguni mwa kitanda chako, na Hamisi kaitia kwenye mizani.

Nimetuma laki mbili na nusu kwenye simu ya Zuhura. Laki mbili ni za mguu wako na chakula, zisiguswe. Elfu hamsini ni za kuikomboa nyundo. Hamisi aende mwenyewe leo hii, kabla gari la skrepa halijapakia. Bati nitatuma nikishaiona nyundo kwenye picha, na sitabadilisha neno hilo hata Baba Mkubwa akinipigia.

Ataijua hivi: uso wake una pengo dogo ukingoni, kama jino la mtoto lililong'oka, na mpini wa mninga una alama tatu za msumeno karibu na mwisho. Kama mpini wameutupa, wachukue kichwa. Wakiupata na unacheza, msiuloweke ziwani kama alivyozoea Hamisi. Mti ukivimba unabana siku mbili, ukikauka unalegea kuliko mwanzo. Ramadhani apige kabari ya mninga mkavu, apake mafuta, basi.

Mnisalimie Kibirizi wote. Jana nimeota harufu ya mgebuka wa kuchoma, nikaamka bado naisikia.

Zuhura, picha ipigwe juani, herufi zionekane.

Mwanao,
Mwajuma