Oscar Micheaux mmemwacha wapi?

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya mwisho wa wiki kuhusu waongozaji wa Marekani waliotoa filamu nyingi kuliko wenzao. Sina ugomvi na majina yaliyomo. Ugomvi wangu ni jina lisilokuwamo. Wote mliowataja waliajiriwa na studio kubwa za Hollywood: mtu anaamka asubuhi anakuta kamera ipo, taa zipo, waigizaji wako kwenye mshahara, na filamu ikikamilika kuna ofisi nzima ya kuisambaza. Hata kwa utaratibu huo kazi ni kazi, sikatai. Lakini Oscar Micheaux alitoa zaidi ya filamu 40 kati ya 1919 na 1948 bila studio yoyote nyuma yake, tena akiwa Mmarekani mweusi wakati ambapo kumbi nyingi za sinema ama zilimfungia mlango ama zilimpeleka kukaa juu kwenye roshani.

Alizaliwa 1884 katika mji wa Metropolis, Illinois. Alipata kazi ya uhudumu kwenye mabehewa ya kulala ya treni, akadunduliza, akanunua shamba South Dakota ambako majirani zake karibu wote walikuwa Wazungu. Ukame ukammaliza. Ndoa nayo ikavunjika, na lawama akamtwisha baba mkwe wake, mchungaji wa Chicago. (Ukiona wachungaji wa filamu zake wana tabia ya utapeli, anza kutafuta sababu hapo.) Akaandika riwaya, akazichapisha kwa fedha zake na kuziuza nyumba kwa nyumba.

Mwaka 1918 kampuni ya filamu ya Lincoln, ya ndugu wawili weusi, George na Noble Johnson, ilitaka riwaya yake ya The Homesteader iwe filamu. Micheaux akasema sawa, ila mwongozaji ni mimi. Wakakataa, maana hakuwahi kuongoza hata filamu moja. Basi akaenda kwa wakulima wa maeneo ya Sioux City, Iowa, wakiwamo Wazungu waliokwisha kununua vitabu vyake, akawauzia hisa. Februari 1919 filamu ikaonyeshwa Chicago. Wachungaji wakalalamika, ikasimamishwa kidogo, ikaruhusiwa, na yeye akaigeuza zogo hilo kuwa tangazo.

Hapo ndipo naona kipaji chake kikubwa kilipo, kwenye kuuza. Alikuwa akisafiri mji kwa mji na picha za waigizaji wake, anaingia kwa mwenye ukumbi, anamsimulia filamu ambayo bado haijatengenezwa na kuomba malipo ya awali. Fedha hiyo ndiyo ya kupigia filamu. Mwigizaji wake mmoja, Lorenzo Tucker, akatangazwa naye kuwa "Valentino Mweusi", kwa kumfananisha na Rudolph Valentino, nyota wa sinema bubu, na watu wakaja. Alipigia picha kwenye nyumba za marafiki, na tukio lililoharibika kidogo mara nyingi lilibaki vivyo hivyo kwa sababu mkanda ni gharama. Hata hivyo 1928 kampuni ilifilisika. Akainuka tena, na 1931 akatoa The Exile, filamu yake ya kwanza ya sauti.

Asiwepo wa kudhani alikuwa mfanyabiashara tu. Chukueni Within Our Gates ya 1920. Sylvia, mwalimu aliyechezwa na Evelyn Preer, anakwenda Boston kutafuta fedha za kunusuru shule ya watoto weusi wa Kusini. Kuelekea mwisho tunarudishwa nyuma kwenye maisha yake: wazazi waliomlea wananyongwa na genge la Wazungu, na Micheaux anakata kutoka mauaji hayo kwenda chumbani, ambako Mzungu anamkamata Sylvia kwa nguvu. Katika purukushani mwanaume huyo anaona kovu kifuani mwa msichana. Ananywea. Kovu hilo linamjulisha kwamba huyo ni binti yake wa kumzaa. Chicago ilikuwa imetoka kwenye ghasia za rangi za 1919 zilizoua watu 38, na wakaguzi wa filamu wa jiji wakaogopa kuipitisha. Miaka mitano baadaye, katika Body and Soul, alimpa mwimbaji na mwigizaji Paul Robeson nafasi ya mhubiri mlevi na mwizi. Wakaguzi wa New York wakaikataa, ikabidi aikatekate ndipo ionyeshwe.

Makosa anayo. Masteringi wake aghalabu ni wenye ngozi nyeupe-nyeupe, na weusi zaidi mara nyingi huachiwa ujinga au uovu. Mwaka 1938 God's Step Children iliandamaniwa New York kwa sababu ya mambo ya namna hiyo, na mimi nawaunga mkono walioandamana. Lakini orodha yenu ilikuwa ya wingi wa kazi. Haikuwa orodha ya watakatifu, na nina hakika baadhi ya mliowaweka humo wasingeingia.

Kuna jambo lingine makala haikuligusa: filamu hizo nyingi ziko wapi? Za Micheaux za enzi ya sinema bubu zimebaki tatu tu. The Homesteader, iliyomwanzishia kazi, haijaonekana tena. Within Our Gates ilipatikana Madrid ikiwa na jina la La Negra, na yale maandishi ya kwenye skrini yanayoshika nafasi ya sauti yakiwa ya Kihispania. Maktaba ya Bunge la Marekani ilipoirejesha, 1993, ilibidi maandishi hayo yarudishwe kwenye Kiingereza, kwa hiyo tunachosoma leo kwenye skrini si maneno yake hasa. Kipande kimoja kimekosekana kabisa, pamewekwa maelezo mafupi. The Symbol of the Unconquered nayo iliokolewa na nakala iliyokuwa Ubelgiji. Hollywood ilimpa nyota ya heshima kwenye ile njia yao ya watu mashuhuri 1987, miaka 36 baada ya kufa kwake Charlotte, North Carolina.

Ombi langu ni kwamba mtengeneze ukurasa mmoja juu yake, na safari hii muandike pia ni ngapi zimebaki kwa kila mwongozaji mnayemhesabia filamu. Wasomaji wasisubiri. Within Our Gates imekwisha muda wa hakimiliki, inatazamwa bure kwenye intaneti, haifiki saa moja na nusu. Tafuteni nakala iliyorejeshwa na Maktaba ya Bunge, kwa sababu nyingine zinazozagaa ni za ukungu mtupu na hilo kovu halionekani.

Mpenzi wa sinema za zamani,
Tanga