Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Kilifi: watoto wa chuo wanajitibu kwenye kaunta yangu

Mheshimiwa Waziri, asalaam aleikum na pole na kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza dawa kemisti hapa Malindi mwaka wa kumi na moja sasa, na nakuandikia hadharani manake haya magonjwa ya zinaa kwa watoto wa chuo yamenifika shingoni.

Ijumaa jioni matatu za kutoka Kilifi wanakosoma zikishusha watu najua kesho wateja wangu ni kina nani. Kijana anasimama pale kwenye sabuni ajifanya anasoma bei, akingoja watu waishe, halafu anasogea, "anti, nna shida kidogo." Shida yenyewe hasemi. Anatoa simu ananionyesha picha ya dawa aliyotumia mwenzake. Juzi mmoja alitaka kapsuli nne za doksi, antibiotiki ya doxycycline, ndio pesa aliyokuwa nayo. Doksi ya klamidia ni kapsuli 14, moja asubuhi moja jioni kwa siku saba, sasa hizo nne si zitatuliza tu moto wa mkojo siku mbili, aone amepona, arudi kwa mpenziwe? Na hapo hata hatujui ni klamidia au ni kisonono, na kisonono siku hizi vidonge vya cipro havikiwezi tena, kinataka sindano na mtu akupime kwanza. Nilimkatalia akaondoka, na sina shaka alizipata kwingine.

Afadhali wavulana mara nyingi huona usaha wakashtuka. Wasichana wengi klamidia haiwaonyeshi kitu kabisa, inapanda kimya kimya mpaka kwenye mirija ya uzazi, miaka baadaye mtu ameolewa anatafuta mtoto hapati, mtaani waanza kusema karogwa. Na zahanati zetu nyingi hutibu kwa dalili, ueleze unachohisi ndio upewe dawa, sasa asiyehisi kitu ataeleza nini?

Jumapili moja alikuja binti, kondomu ilipasuka Ijumaa usiku, ataka P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba. Kichwani mwake ni mimba tu. Nikampa, nikamwambia mwanangu P2 haizuii ukimwi wala kaswende, kuna dawa ya PEP ya kuzuia virusi vya ukimwi lakini ni ndani ya masaa 72, yaani kwako mwisho ni kesho usiku na kila saa ikipita ni hatari zaidi, nenda hospitali sasa hivi usingoje. Akaanza kulia. Shangazi yake anafanya kazi huko, na kwenye foleni watakuwepo majirani. Mheshimiwa, huyu hakukosa dawa, dawa ipo na ni ya bure, alikosa mlango wa kuingilia bila kuonekana na mji mzima! Malindi yetu unaijua, ukipita Barani na kitu mkononi, kufika Shela washajua ni nini.

Kwa hivyo ombi langu si jengo jipya. Fungueni chumba kimoja cha vijana jioni, saa kumi na moja mpaka saa mbili usiku, na Jumamosi na Jumapili wanapokuwa nyumbani, kiwe na mlango wake, na mhudumu asiwe wa mtaa huo huo. Apimwe hata asiye na dalili. Anayetibiwa apewe na karatasi ya mwenziwe, huyo mwenziwe akija na karatasi atibiwe bila kuulizwa jina la aliyemtuma, manake ukitibu mmoja ukamwacha mwengine ni kazi bure, wiki mbili wako palepale. Kondomu ziwekwe msalani, sio kwenye meza ya mapokezi mbele ya wazee, hakuna mtoto wa Kiswahili atakayenyoosha mkono pale.

Najua kuna watakaosema tunafundisha watoto zinaa. Mimi pia ni Muislamu na wangu nawakataza, lakini yule aliyekuja analia Jumapili ashakosea, kumkatalia matibabu hakurudishi Ijumaa nyuma.

Mkikubali, mimi niko tayari kukaa zamu za Jumamosi bila malipo, na nawajua wenzangu wawili wa kemisti watakaokuja nami. Kila anayenionyesha picha kwenye simu nitamleta mwenyewe.

Mama muuza dawa, Malindi