Bei ya kozi tunaonyeshwa, mapato yake hatuonyeshwi

Mhariri,

Mpwa wangu aliyefanya KCSE (mtihani wa kidato cha nne) mwaka jana ameniuliza swali ambalo nimelikwepa wiki nzima: je, ajaze bayokemia, yaani kemia ya viumbe hai, katika chaguo la kwanza la kozi ya chuo kikuu? Aliniuliza mimi kwa kuwa ndiyo shahada niliyosomea, na nadhani alitarajia niisifie. Nimeona heri nimjibu hadharani, kwani msimu huu wazazi wengi wameinamia simu pamoja na watoto wao, wakilinganisha alama za kujiunga na gharama za masomo, ilhali hesabu iliyo nzito kuliko zote haipo kwenye tovuti ya KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni hapa Kenya.

Nianze na deni lenyewe. Katika mfumo wa ufadhili wa wanafunzi wa vyuo vikuu ulioanzishwa mwaka 2023 (ule ambao Mahakama Kuu iliubatilisha Desemba 2024, kisha Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo), familia iliyowekwa katika kundi la tatu la uhitaji hugharimiwa asilimia 50 ya kozi bila kurejesha, hupewa asilimia 30 kama mkopo wa HELB (bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu) na hujitafutia asilimia 20 iliyosalia. Tuseme kozi inagharimu Sh200,000 kwa mwaka. Mkopo wa karo utakuwa Sh60,000, na ukiongeza mkopo wa matumizi wa Sh50,000, mwanafunzi atakuwa amekopa Sh440,000 kufikia mwisho wa mwaka wa nne, mbali na Sh160,000 ambazo mzazi atakuwa ametoa kwa kuuza ng'ombe au kuchangisha jamaa. Riba ni asilimia 4 kwa mwaka, na kusema kweli hakuna benki itakayomkopesha kijana asiye na dhamana kwa bei hiyo. Sina ugomvi na mkopo. Ugomvi wangu ni kwamba tunakopa bila kujua tutalipa kwa kutumia nini.

Sasa tumchukue kijana huyo akiwa amebahatika kupata kazi ya Sh35,000. Yakishaondolewa makato ya NSSF, bima ya afya ya SHA, ada ya nyumba na kodi ya mapato, mkononi hubaki kama Sh29,500. Akilipa mkopo Sh5,000 kila mwezi bila kukosa hata mara moja, atamaliza baada ya miaka minane na miezi kadhaa, naye atakuwa ameishi miaka yote hiyo kwa Sh24,500, nauli na kodi ya nyumba zikiwa humo humo. Mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo ndipo malipo huanza kudaiwa, na sheria inaruhusu faini ya Sh5,000 kwa kila mwezi unaopita bila malipo. Kwa mfano wangu, faini ya mwezi ni sawa na malipo ya mwezi, na anayetozwa huwa ni yule yule ambaye hakuwa na hela hizo tangu mwanzo.

Huenda msomaji akasema kwamba Sh35,000 ni kidogo mno kwa mwanasayansi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa katika kiwanda kimoja cha maziwa, kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu, na malipo hayakufika kiasi hicho. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimesimama kwenye jukwaa la kupokelea maziwa, nikitumbukiza laktomita kujua kama mkulima ameongeza maji, kisha nikichanganya maziwa na alkoholi kwa kipimo sawa ili nione kama yataganda. Aliyesimama kando yangu alikuwa na cheti cha kidato cha nne na mafunzo ya wiki mbili, naye alikuwa mwepesi kunishinda. Nilijua ni kwa nini protini ya maziwa huganda yanapoanza kuchachuka. Yeye alijua tu kwamba yakiganda, mtungi unarudishwa kwa mwenyewe. Malipo yetu yalikuwa sawa, na sioni kwamba kiwanda kilinidhulumu, maana hakikuwa na haja na kile kingine nilichokijua.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia nikiwa shuleni ni kwamba bayokemia haina leseni yake. Maabara za hospitali ndizo nyingi zaidi nchini, na mlango wake unalindwa na bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ambayo husajili waliosomea sayansi ya maabara ya matibabu. Shahada ya bayokemia pekee haitoshi. Ukitaka kufundisha, utahitaji stashahada ya uzamili ya ualimu ndipo TSC, tume ya walimu, ikusajili. Ukitaka utafiti, mathalani katika taasisi kama KEMRI au ILRI, bila shahada ya uzamili hupandi mbali, na nafasi nyingi hufungwa pamoja na mradi uliozifadhili. Marekani iliposimamisha misaada mapema mwaka 2025, tuliona jinsi mkataba unavyoweza kukatika katikati ya mwezi. Wengi wa wenzangu wa darasa leo ni wauzaji dawa wanaozunguka na mikoba kutoka kliniki moja hadi nyingine, na wanajikimu vizuri kuliko mimi. Kwa wengine wetu, basi, shahada ya kwanza ilikuwa nusu ya safari tu, na nusu ya pili ilidai deni jingine kabla la kwanza halijapungua.

Nimemwambia mpwa wangu kwamba, kama anachokipenda ni maabara ya hospitali, aitangulize sayansi ya maabara ya matibabu. Kama anapenda kujua chembe hai hufanyaje kazi, hata kama itamlazimu kusoma miaka sita au saba, ajaze bayokemia bila woga, kwani ni somo tamu na sijutii kulisoma.

Ninaloomba ni kwamba kando ya gharama ya kila kozi, KUCCPS ichapishe pia ni wangapi kati ya waliohitimu wamepata ajira, wanalipwa kiasi gani baada ya miaka mitatu, na kama kozi hiyo inamwezesha mtu kusajiliwa na bodi yoyote ya kitaaluma. Isisemwe kwamba habari hizo haziwezi kupatikana. HELB inamjua mwajiri wangu, na mwajiri hukata pesa na kuziwasilisha kila mwezi bila kukosa. Idara iliyonifunza haijawahi kunipigia hata mara moja kuniuliza ninafanya nini, ingawa nambari yangu ya simu ni ile ile niliyoiandika kwenye fomu ya mwaka wa kwanza.

Msomaji wako,
Nakuru