Fiti inavuja botini? Usikimbilie spana

Wiki mbili zilizopita tulipigiwa simu usiku na kijana anayelinda boti ya matanga iliyotia nanga katika ghuba ya Mikindani. Ni boti ndogo ya fiba, futi 32, ina vitanda vinne, jiko na choo. Mwenyewe yuko safarini. Kijana alisema pampu ya maji inajiwasha. Watu wamelala, hakuna aliyefungua koki, mara inanguruma sekunde mbili inazima. Baada ya dakika kumi inarudia.

"Fundi, nimekaza kila fiti mpaka mkono unauma," alituambia asubuhi tulipopanda. Na kweli alikuwa amekaza kila kiungo cha bomba, maana ndicho fiti. Sehemu iliyokuwa ikivuja mwanzo ilikuwa moja, sasa zilikuwa tatu, kwa sababu fiti mbili za plastiki zilikuwa zimepasuka shingoni.

Hatumlaumu, maana karibu kila mtu huanza hivyo. Ndiyo sababu tunaandika makala hii kwa manahodha, walinzi wa boti na wenye boti ndogo za kutembelea hapa Mtwara, Mikindani na Msimbati, hadi kwa wateja wetu wa Lindi na Kilwa. Mara nyingi fiti inayovuja haina shida ya kulegea. Ina washa (pete ya kuzibia) iliyokufa, au mpira uliochoka, au imeunganishwa na fiti isiyo mwenzake. Ukikaza, unaongeza ugonjwa.

Kwanza uelewe pampu inakuambia nini. Maji ya kunywa na kuoga yanakaa kwenye tangi, mara nyingi chini ya vitanda. Pampu ya volti 12 inayasukuma mpaka presha ifike kiwango ilichopangiwa, kisha swichi inaizima. Ukifungua koki presha inashuka na pampu inawaka. Kwa hiyo pampu inayowaka bila koki kufunguliwa inasema presha inatoroka. Ama kuna fiti inavuja mbele ya pampu, ama valvu iliyo ndani ya pampu haishiki na maji yanarudi tangini polepole. Hilo la pili halimwagi hata tone nje, na watu hufungua boti nzima wakitafuta kisichokuwepo. Kama ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, ni kavu na pampu bado inajiwasha, tazama pampu kwanza.

Tone dogo lisidharauliwe. Tone moja kila sekunde ni kama lita 4 kwa siku. Kwa boti yenye tangi la lita 150, wiki moja ya kutia nanga imekula karibu lita 30, na huenda ulikuwa umepanga maji hayo yakufikishe Mafia.

Sasa, linavuja wapi? Wazee wa pwani walishasema: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Maji nayo yana tabia hiyo. Fiti inavuja chini ya sinki ya jiko, maji yanatambaa juu ya fiba, yanapita nyuma ya kabati, wewe unayakuta ngamani karibu na injini na unaanza kuilaumu injini. Kama maji ya ngama hayana mafuta wala harufu ya choo, chovya kidole uonje. Yakiwa matamu, yanatoka kwenye tangi au ni ya mvua. Yakiwa ya chumvi, acha mengine yote na uruke hadi sehemu ya bahari hapa chini.

Kwa maji matamu njia yetu ni karatasi ya choo. Kausha kila fiti kwa kitambaa, zungushia kipande cha karatasi, washa pampu ijaze presha, kisha kaa nusu saa. Karatasi haifichi kitu, hata jasho dogo la fiti linaonekana. Usisahau hita ya maji kama boti inayo. Valvu yake ya kupunguza presha hutoa maji kidogo kila yanapopata moto, na kwenye boti nyingi bomba lake linaishia ngamani kimyakimya.

Ukishaipata fiti, tazama inaziba kwa kitu gani. Kuna fiti ambayo tredi zake (mistari ya kufungia) zimechongoka, nyembamba mbele na nene nyuma. Hii inaziba kwenye tredi zenyewe na inahitaji tepu nyeupe, mizunguko mitatu minne, ikizungushwa upande uleule unaofungia. Ukizungusha kinyume, tepu inajikunja na kutoka wakati unafunga. Na kuna fiti ya tredi zilizonyooka, ambayo ndani yake ina washa ya mpira. Hapo tepu haifanyi kazi yoyote, na ikizidi inaizuia washa isikae sawa. Badilisha washa, funga kwa mkono, ongeza robo mzunguko, basi. Katani ya mafundi bomba wa majumbani ni nzuri kwenye bomba la chuma, lakini ikijazwa kwenye fiti ya plastiki inaitanua mpaka inapasuka.

Jambo linalotuletea kazi kuliko yote ni tredi zisizo ndugu. Fiti za maduka yetu ya vifaa vya ujenzi zina tredi za Kiingereza, BSP. Boti nyingi zilizoundwa Marekani zina NPT. Kwa saizi ya nusu inchi na ya robo tatu, zote mbili zina tredi 14 kwa kila inchi, kwa hiyo ukizijaribu zinaingia, zinazunguka mara mbili tatu, zinakaza, unaridhika. Lakini tredi za BSP zimechongwa kwa pembe ya nyuzi 55 na za NPT kwa pembe ya nyuzi 60, na vipimo vya unene wao pia haviko sawa. Zinagusana pembeni tu, na maji yanapita katikati. Unaongeza tepu, tone linatulia siku tatu. Boti ikipigwa na mawimbi ya kusi, linaanza upya. Kwenye ile boti ya Mikindani ndipo ugonjwa ulipokuwa: mtu kabla yetu alifunga koki ya jiko kwa fiti ya dukani, tena kwa uangalifu mkubwa, na isingeshika hata angeikaza na shoka. Tuliagiza kiungo cha kubadilisha tredi kutoka Dar es Salaam, kikaja kwa basi, tukakifunga kwa dakika ishirini. Pampu ikanyamaza.

Fiti za kusukuma kwa mkono hazina mengi. Bomba likatwe mkato ulionyooka, si wa mshazari, lisiwe na mkwaruzo, lisukumwe mpaka mwisho. Mkwaruzo mwembamba kama unywele unatosha kupitisha maji kwenye pete ya mpira.

Kipande cha tyubu ya baiskeli kilichofungwa kwa nguvu juu ya bomba la maji matamu kinakubalika mpaka ufike pwani. Kwenye valvu ya bahari hakikubaliki kamwe.

Na hapa ndipo tunaomba msomaji asome polepole. Boti ina matundu chini ya maji, la choo, la sinki, la kupoza injini, na kila tundu lina fiti na valvu. Tundu la inchi moja lililo sentimita 60 chini ya maji linaingiza lita 60 au zaidi kila dakika. Pampu ndogo ya ngama inaweza kushindwa, na mtu mwenye ndoo atachoka kufua maji mapema sana.

Adui mkubwa hapo ni brasi ya kawaida. Maji ya chumvi yanakula zinki iliyo ndani yake na kuacha shaba laini kama sponji. Kwa nje fiti bado ina umbo lake. Kwaruza kidogo kwa kisu: ikiwa chini ni njano inayong'aa, iko hai. Ikiwa ni rangi ya waridi, imeshakufa, hata kama haivuji leo. Tumewahi kushika fiti ya namna hiyo ikavunjika mkononi kama biskuti, na tunashukuru boti ilikuwa mchangani. Hapo panahitaji bronzi, au brasi iliyotengenezwa kuhimili jambo hili, au plastiki maalumu ya baharini. Kila bomba la mpira lililo chini ya usawa wa maji lifungwe klipu mbili panapo nafasi. Gusisha sumaku kwenye skrubu ya klipu. Ikinasa kwa nguvu, itashika kutu. Kando ya kila valvu funga kwa kamba kizibo cha mti laini kinacholingana na tundu lake. Mafundi wa majahazi wanaotia kalafati hapa pwani wanaweza kukuchongea.

Valvu za bahari hatubadilishi boti ikiwa inaelea. Tunaipweleza. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji ya Mtwara hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na uzuri wake ni kwamba yanapwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, mchana mweupe. Tunaileta boti mchangani maji yakiwa juu alfajiri, tunaiwekea magadi, yaani nguzo za kuiegemeza, pande zote mbili, maji yakitoka tunafanya kazi. Tunapata kama masaa matatu. Ndiyo maana kila fiti lazima iwe mkononi, imepimwa na kujaribiwa, kabla boti haijagusa mchanga.

Ukitaka tuje, tutumie picha ya fiti ikiwa kando ya rula, utuambie boti iliundwa nchi gani, na maji ya ngama yana ladha gani. Kazi ya maji matamu tunakuja siku yoyote. Kazi ya chini ya boti ni siku chache tu za mwezi mchanga na mwezi mpevu, na vifaa vikihitajika kutoka Dar tupe angalau wiki moja kabla mwezi haujaandama.