YAH: Malalamiko kuhusu kipengele cha "Mafuta Nafuu" kwenye GPS zenu za gari

Mbeya

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya vifaa vya kuongozea njia,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi tunaosimamia magari ya abiria na mizigo kati ya Iringa, Njombe, Mbeya na Tunduma tunaleta kwenu malalamiko kuhusu kipengele cha "Mafuta Nafuu" kilichomo kwenye GPS mnazouza. Ramani hatuilalamikii, ni nzuri. Tunalalamikia bei. Kwenye boksi mmeandika kwamba kifaa kinampeleka dereva kwenye sheli yenye bei ya chini kuliko zote zilizo karibu. Kwa kinavyofanya kazi sasa, kinampeleka kwenye namba ndogo kuliko zote.

Nendeni Tunduma mkaone. Simamisheni gari karibu na mpaka, gusa "Mafuta", chagua "Dizeli", kisha "Panga kwa bei". Sheli zinazokaa juu ya orodha ni za Nakonde, upande wa Zambia, na bei zake zina tarakimu mbili tu kabla ya nukta. Chini yake ndipo zinaanza sheli za Tunduma zenye tarakimu nne. Zile za juu ni kwacha, hizi za chini ni shilingi, na kifaa kimezichanganya zote kwenye orodha moja. Mbaya zaidi, kila namba imetanguliwa na "TSh", kwa hiyo kioo chenyewe kinadanganya. Hapo Tunduma angalau mwenye macho atashtuka. Kasumulu, ukishuka kutoka Tukuyu, hali ni ya hatari kuliko hiyo, kwa sababu bei za Malawi nazo ni za tarakimu nne. Kwacha ya Malawi inakaa pembeni ya shilingi na hakuna kinachomwamsha dereva.

Kila sheli kwenye faili lenu ina nchi yake. Programu isome nchi kwanza, ibadilishe fedha, ndipo ipange. Kama hilo ni kazi kubwa, basi sheli za ng'ambo zisionekane kabisa mpaka dereva aziombe. Gari halivuki mpaka kufuata mafuta bila taratibu za forodha.

Kosa la pili ni tarehe. Bei kikomo za mafuta nchini, yaani bei za juu zinazoruhusiwa, hutangazwa na EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na huanza kutumika saa 6:01 usiku wa siku hiyo. Kifaa chenu kinaandika "bei ya leo" hata kama mara ya mwisho kilipata taarifa wiki tatu zilizopita. Hakuna mahali popote kwenye kioo panapoonyesha bei ilichukuliwa lini. Matokeo yake, mwezi bei zinapopanda, sheli ambayo taarifa zake hazijasasishwa inaonekana nafuu kuliko jirani yake aliyesasishwa, ilhali pampu zote mbili zinasoma bei ileile. Mwezi bei zinaposhuka mambo yanageuka: sheli iliyosasishwa mapema inapanda juu ya orodha, na ile iliyosahauliwa inanyimwa wateja bila kosa. Wekeni tarehe chini ya kila bei. Na ikifika Jumatano ya kwanza, bei zote za mwezi uliopita zigeuke kijivu na zisiingie kwenye mpangilio mpaka zithibitishwe.

Tena, hapa kwetu kazi hii ni rahisi kuliko nchi ambazo kila sheli inajipangia bei. Kikomo kinajulikana kwa kila wilaya, jedwali linatolewa wazi, na mtu asiye na intaneti anapiga *152*00# anaipata bure. Sheli inaruhusiwa kuuza chini ya kikomo, hairuhusiwi kuuza juu yake. Kwa hiyo kifaa kikiwa na jedwali hilo, bei yoyote iliyozidi kikomo cha wilaya husika ni kosa la kuingiza taarifa au ni uvunjaji wa sheria, na vyovyote iwavyo haipaswi kuonyeshwa kimya kimya. Hamkuliweka jedwali hilo. Badala yake mmeweka "wastani wa bei nchini", namba isiyomsaidia mtu yeyote aliyeko Makambako.

Kuhusu umbali tunaomba mtusikilize kwa makini, maana hapa ndipo fedha inapotea. Kifaa kinapima "karibu" kwa mstari ulionyooka. Nyanda za Juu Kusini hazina mistari iliyonyooka. Ukiwa Chimala, kifaa kinaiona Matamba kama jirani wa kuombana chumvi. Barabara ya kupanda huko ina kona 57, ndiyo maana watu wanaiita Hamsini na Saba. Hakuna nafuu ya mafuta itakayolipa mlima ule.

Hata tambarare hesabu haikubali. Chukua gari dogo linalokwenda kilomita 10 kwa lita, linahitaji lita 45, na tuseme bei ni shilingi 3,000. Kifaa kimepata sheli iliyo nafuu kwa shilingi 35 kwa lita, ila iko kilomita 9 nje ya njia. Akiba ni shilingi 1,575. Kwenda na kurudi ni kilomita 18, yaani lita 1.8, yaani shilingi 5,400. Dereva amepoteza shilingi 3,825 na kifaa kimempongeza kwa alama ya kijani. Kwa gari hilo, mchepuko unaolipa hauzidi kilomita 5 na ushee, kwenda na kurudi. Lori linalojaza lita 400 na kwenda kilomita 2.5 kwa lita lina nafasi zaidi, takriban kilomita 11 na nusu, lakini nalo kwenye mfano huohuo linapata hasara ya shilingi 7,600. Kifaa kinahitaji kuuliza mambo mawili tu: gari linakula kiasi gani, na unataka lita ngapi. Kisha kipange kwa gharama yote, si kwa bei ya bango.

Vilevile kinatafuta kwa duara badala ya kutafuta kwenye njia. Mafuta ya barabara hii yanatoka bandari ya Dar es Salaam, na gharama ya usafirishaji imo ndani ya kikomo. Ndiyo maana kikomo cha Iringa huwa chini ya cha Mbeya. Anayekwenda Tunduma anafaa kuambiwa ajaze Iringa au Mafinga. Anayetoka Tunduma ajaze ya kumfikisha tu. Kifaa kinangoja tenki likauke ndipo kitafute, na mara nyingi kinamrudisha nyuma kwenye sheli aliyokwishaipita. Ukitoka Njombe kwenda Songea ni hesabu nyingine kabisa, kwa kuwa bei za Ruvuma hufuata mafuta ya bandari ya Mtwara.

Dogo lakini linaudhi: ukichomoa waya kwenye tundu la kiberiti, chaguo la dizeli linarudi kuwa petroli.

La mwisho ni kitabu cha maelekezo. Ukurasa wa kuongeza sheli zako mwenyewe unasema faili lianze na latitudo, kisha longitudo. Kifaa kinasoma kinyume, longitudo kwanza. Mtu akifuata mpangilio wa kitabu, hata akiweka latitudo yenye alama ya kutoa (-8.90), sheli ya Mbeya mjini inaangukia baharini magharibi ya Morocco. Kitabu pia hakisemi kwamba latitudo zetu zinahitaji alama ya kutoa. Bila alama hiyo, hata ukianza na longitudo, sheli ileile inahamia Sudan Kusini, upande wa kuelekea mpaka wa Ethiopia. Mstari sahihi kwa Mbeya uwe hivi: 33.45, -8.90, "jina la sheli", "bei na tarehe". Bei iandikwe 3000 bila mkato katikati, kwa sababu mkato ndio unaotenganisha safu. Ukiandika 3,000 bila alama za kunukuu, kioo kinaonyesha shilingi 3, na sheli hiyo inakaa kileleni mwa orodha.

Tunaomba ndani ya siku 14 mtupe maandishi yanayoonyesha ni lini fedha, tarehe na umbali wa barabara vitarekebishwa, na karatasi ya masahihisho ya kitabu iwekwe kwenye kila boksi lililoko dukani. Waliolipia huduma ya bei kwa mwaka warudishiwe fedha ya miezi yote ambayo orodha imekuwa ikipangwa hivi. Mpaka marekebisho yakamilike, maneno "Mafuta Nafuu" yaondolewe kwenye boksi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wasimamizi wa magari,
Njia ya Iringa–Mbeya–Tunduma

Nakala: Tume ya Ushindani