Harambee ya Matanki: Watoto Wasiteke Tena Maji ya Nyamwamba

Wazazi wetu, wahitimu popote mlipo, waumini wa msikitini na kanisani,

Asalaam aleikum, na Bwana asifiwe. Tunaona haya. Mabati ya darasa la saba mlitununulia ninyi, na kabla rangi haijapauka tumerudi kubisha hodi.

Mafuriko ya Mei 2020 yalisomba bomba la shule. Tulilirudisha, likang'olewa tena. Sasa kengele ya saa nne ikilia, watoto wanateremka na jerikani hadi Nyamwamba. Watu wa Kasese mnajua mto huo unatoka wapi. Kule Kilembe shaba ilianza kuchimbwa 1956. Mgodi ukafa mwanzoni mwa miaka ya 1980, marundo ya mabaki yakaachwa ukingoni. Yana salfa. Yakipata hewa na mvua hutoa tindikali, tindikali ikayeyusha shaba na kobalti, na kila mafuriko yanamega marundo hayo na kutushushia, kisha yanaendelea hadi kwa wavuvi wa Ziwa George.

Wapo wanaosema wao wanachemsha. Hongera, endeleeni, homa ya matumbo bado ipo. Lakini moto unaua vijidudu, hauondoi madini. Maji yakipungua sufuriani, madini yote yamebaki mle mle. Shaba ikizidi, mtoto anaumwa tumbo na kutapika, na akiinywa muda mrefu inaumiza ini.

Tunataka matanki mawili ya lita 10,000, mifereji ya paa, na bomba la kumwaga mvua ya kwanza, maana vumbi la marundo linatua hata juu ya mabati. Fundi amekadiria shilingi milioni 14. Mkononi tuna milioni 3 na laki 2, pamoja na kuku wawili wa mzee mmoja ambao hatujawauza.

Ninyi wa Kampala, Mbarara na ng'ambo, harusi mnazichangia bila kusukumwa. Wengine wenu mlikunywa mto huu huu. Majina ya waliotoa yatasomwa Ijumaa na Jumapili. Ya wasiotoa hatutayasoma, ila yanajulikana.

Pesa apokee mtunza hazina peke yake, kwa risiti. Hesabu itabandikwa ofisini. Tukutane uwanjani Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufunguliwa, ili mvua za Machi zikute matanki yamesimama. Asiye na pesa alete kokoto na mchanga wa msingi, ila mchanga usitoke Nyamwamba.