Barua kwa mwanangu kabla hujapanda ndege

Mwanangu,

Marahaba. Voice yako nimeisikiliza mara tatu, ya mwisho nikampa na baba yako asikie, na bado pale uliposema "mama usijali, siku hizi kompyuta inasoma miandiko ya zamani yenyewe" roho yangu haijatulia. Nakuandikia kwa simu kwa sababu vidole vyangu vinatetemeka, nikishika peni mistari mitano tu nimechoka, ila we mwenyewe huna ugonjwa huo na mikono yako mizima.

Unaenda Uingereza kusomea utunzaji wa nyaraka, sawa, najivunia na nimeshamwambia kila mtu mpaka yule wa duka la maziwa. Ila kwenye ile orodha ya masomo uliyonitumia kuna la kusoma miandiko ya kale na hilo ndo linaninyima usingizi, si baridi wala ndege. Uliponitumia ile picha ya wosia wa miaka ya 1590 ukaandika "hata herufi moja sioni", nilijua shida iko wapi. Unaangalia kwa macho tu. Mwandiko wa mtu hausomeki mpaka mkono wako upite alipopita yeye, andika mama, andika kwa mkono, mkono wowote.

Ngoja nikwambie nilichofanya. Nilienda kwa jirani mwenye bata bukini nikaokota manyoya makubwa ya bawa, nikayapitisha kwenye mchanga wa moto jikoni yakakaza, nikachonga ncha kwa wembe, manne yakaharibika la tano likakubali. Kisha nikaikuza ile picha yako nikaanza kufuata. Ule ni mwandiko wa makarani wa Kiingereza, waliutumia miaka ya 1500 na 1600 kwa wosia, kesi, hesabu, kila kitu, hata zile saini 6 za Shakespeare zilizobaki ziko hivyohivyo. Herufi h ndo ilinichosha. Haisimami juu ya mstari kama yetu, mguu wake unashuka chini unajikunja kushoto halafu unaruka kushika herufi inayofuata. Kwa macho niliona kamba imejisokota tu, kwa unyoya nikaona mtu ana haraka hataki kunyanyua kalamu. Na unyoya hausukumwi, unavutwa, ukiusukuma ncha inapanuka wino unaruka, nina doa kwenye kitenge hapa. Basi ile e iliyogeuka nyuma na ile c inayofanana na r, vyote nikavielewa siku hiyohiyo. Na s ndefu inayofanana na f usije ukaisoma f, utajikuta unasoma maneno ambayo hayapo.

Wakati huohuo kulikuwa na mwandiko mwingine umetoka Italia, umelala kidogo na unasomeka, Malkia Elizabeth wa Kwanza alifundishwa huo tangu msichana na aliandika vizuri sana, lakini alipozeeka na kazi kuwa nyingi mkono wake ukawa wa kukimbia na yeye. Taratibu huo wa Italia ukaula ule wa makarani, watu wakawa wanachanganya, e ya huku h ya kule kwenye ukurasa mmoja. Mahakamani ndo waling'ang'ania, walikuwa na mwandiko wao na Kilatini chao mwananchi haambulii kitu, mpaka sheria iliyoanza kutumika 1733 ikawataka waandike Kiingereza na kwa mwandiko wa kawaida unaosomeka. Sheria nzima mwanangu, kwa ajili ya mwandiko! Halafu we unaniambia mwandiko haujalishi.

Umesema mwandiko wako mbaya tangu zamani. Nani kasema mbaya? Na kama ni mimi niliyesema basi nilisema ukiwa na miaka saba na we sasa una ishirini na sita.

Kuna kitu nilikigundua kwenye yale manyoya. Ya bawa la kushoto yanapinda kwenda nje, ukiyashika kwa mkono wa kulia hayakuzibi macho, kwa hiyo waandishi wa kulia ndo waliyapenda. Ya bawa la kulia yanamfaa anayetumia kushoto. Yaani yule bata ana kalamu za watu wote wawili. Nilikaa pale jikoni muda mrefu sana. Nimefundisha darasa la kwanza miaka 31, tulivyofundishwa chuoni ndivyo tulivyofanya, na kwetu mkono wa kushoto humpi nao mtu kitu, babu yako angenishangaa. La rula unalijua sitalirudia. Ila mkiambiwa darasani mjaribu unyoya, we omba wa bawa la kulia. Usione aibu mama.

Sisi tulianza na nibu za chuma, kidau cha wino kwenye tundu la dawati, vidole bluu wiki nzima. Nibu hizo zilisambaa dunia nzima kutoka Birmingham, kuanzia miaka ya 1820 akina Josiah Mason na Joseph Gillott walizitoa kwa mashine, bei ikashuka na watu wakaachana na kuchonga manyoya. Ncha yake kali, ukikandamiza kushuka mstari unanenepa, ukipanda unakonda, ndo ile miandiko ya mviringo yenye madaha utakayoikuta kwenye barua za miaka ya 1800. Mtoto wa kushoto alikuwa anaisukuma inachimba karatasi na kiganja kinafuta alichoandika, sisi tukidhani mchafu. Biki ndo iliwaokoa, kile kipira cha László Bíró wa Hungaria, alikisajili 1938, hakijali unavuta au unasukuma. Wangekuja nacho mapema.

Na wino wao mwanangu usiushike kwa mikono yenye maji. Walichemsha vivimbe vya mti wa mwaloni na chumvi ya chuma na gundi ya mgunga, unaanza hafifu halafu unakuwa mweusi ukikaa, ila una asidi unakula karatasi mpaka inatoboka palipoandikwa. Utaambiwa huko, nami nakwambia.

Hiyo kompyuta itumie, sikukatazi, lakini ikikosea nani atajua kama we mwenyewe hujui? Kila siku nakili mistari mitatu. Mitatu tu. Unipigie picha unitumie nione, usinitumie ya jana.

Begi lako limefika kilo 24 na ruhusa ni 23, mjomba wako amesema toa yale mabuti, mi nasema toa unga, kule unga upo. Daftari mbili kubwa nimeweka pembeni na biki sita nyeusi. Unyoya sikuweka wasije wakakusumbua uwanja wa ndege, upo kwenye glasi dirishani. Luku imebaki yuniti nne, nitumie kidogo kama unayo, kama huna acha nitamwambia kaka yako. Bati la jikoni bado linavuja, fundi kasema Alhamisi, na Alhamisi iliyopita alisema hivyohivyo. Baba yako anauliza ndege inaondoka saa nne usiku au saa nne asubuhi, mjibu yeye kwenye simu yake maana mimi haniamini.

Mama yako